Udongo Aliobeba Shangazi

Karanga ikinyauka adhuhuri ikaamka jioni, hilo ni jua tu, wala usijisumbue. Zetu zililala zikiwa bado kijani, majani yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Jua likashuka, upepo ukapita, hazikuamka. Asubuhi nikarudi nikazikuta vilevile. Nikamwambia shangazi labda zina kiu. Akanionyesha chini kwa kidole. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na bonde zima lilikuwa linanuka matope.



Shangazi ndiye aliyenilea. Ni dada wa baba. Baba alipovuka Rovuma kwenda kutafuta maisha Mtwara, akaoa huko akasahau njia ya kurudi, shangazi alinifunga mgongoni kwa khanga yake akaendelea kulima. Kwa hiyo mtu akimgusa shangazi, kanitia kidole jichoni. Nimegombana kisimani kwa ajili yake, nimegombana sokoni, nimegombana hata matangani, Mungu anisamehe, kwa sababu mtu kasema mchuzi wake umezidi chumvi. Na kweli ulizidi. Lakini aseme mtu wa nje?

Shamba letu la zamani lilikuwa upande wa bahari, kwenye ghuba ya Tungue, mchanga mweupe unaoingia kwenye kila kitu. Alililima mama yake shangazi, na bibi yake kabla yake. Ikaja miaka ile ya gesi. Kwanza yalikuja magari meupe, kisha vijana waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa wakichomeka vibendera, kisha waya. Palma nzima ilikuwa gesi, gesi, hata mtu akiumwa jino anasema litapona gesi ikitoka. Sisi tukaambiwa shamba letu limo ndani ya mstari. Tukapewa kipande bondeni, kando ya barabara ya kwenda Olumbi, pamoja na wanawake wengine waliopitiwa na mstari uleule.

Sasa kwetu, mwanamke akihama shamba hahami mikono mitupu. Anachota udongo pale karanga zilipokuwa zinazaa kuliko kwingine, anajaza kikapu, anafunika kwa majani ya mgomba usikauke. Kule anakohamia, kila shimo analitia mbegu na chembe ya udongo ule. Wanasema shamba jipya ni geni, lipelekewe mwenyeji. Waya ulikuwa umeshafungwa, lakini shangazi akapita chini yake na kikapu chake. Mlinzi akamkuta amechutama.

"Bibi, unaiba nini?"

"Naiba mchanga, baba. Mali yenu iko chini zaidi."

Mlinzi akacheka, akageuka akatazama baharini mpaka kikapu kilipojaa.

Msimu wa kwanza bondeni, karanga za shangazi zilistawi mpaka wapita njia wakasimama. Za wengine zilikuwa njano, zimedumaa. Ukiung'oa mche wake, mizizi imejaa vinundu vidogo, ukikipasua kimoja ndani chekundu kama ufizi. Mimi nilijua ni nini. Shule niliacha mapema, lakini nilikuwa na kitabu cha biologia cha Kireno kisicho na jalada, nilichokiokoa kwa mama mmoja aliyekuwa akifungia vitumbua. Sura ya maua ilishaliwa pamoja na vitumbua. Ya bakteria ilikuwepo. Niliisoma neno kwa neno, nisilolijua namuuliza mwalimu njiani, mpaka akawa akiniona anabadilisha njia. Kitabu kilisema kwenye vinundu vile wamo bakteria, wanachukua hewa wanaigeuza chakula cha mmea. Nikawaeleza wanawake bondeni. Wakasema, "Haya, dotora," yaani msomi, daktari. Lakini udongo waliutaka. Wakaja mmoja mmoja na pembe ya khanga: "Shoga, nifungie kidogo." Shangazi hakumnyima mtu. Bonde zima likatiwa mwenyeji kutoka kikapu chetu, na bado akabakiza nusu, akaiweka uvunguni.

Msimu wa pili kambi ya watu wa gesi ikawa inatafuta nyanya. Basi kila mmoja akapanda nyanya katikati ya karanga. Na bonde maji yake hayatulii, yanatoka kwangu yanaingia kwako. Zikaanza kulala nyanya za jirani wa mfereji, mama mmoja mnene mwenye sauti ya adhana, shamba lake na letu tumetenganishwa na mfereji tu. Kisha zikalala karanga zetu. Kisha za kila mtu.

Jirani alikuja na mche mkononi, mizizi inadondosha tope.

"Shoga," akamwambia shangazi, "ule udongo wako uliuchota shambani au makaburini?"

"Makaburini ni mdomoni mwako!" nikasema mimi.

"Sijasema na weye, kasuku."

"Ukisema naye umesema na mimi!"

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akasema. Akauchukua ule mche kwa jirani, akaugeuza, akaunusa, kama mtu anayekagua samaki. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui."

Angesema siyo udongo wangu, ningelala. Alisema hajui, na mimi ndiyo nikaanza kuogopa.

Hakuna aliyetamka uchawi mbele yetu. Walisema ana mkono mzito. Walikwenda kwa shefe wa bairo, yule mkubwa wa mtaa, wakataka shangazi atolewe bondeni, kipande chake apewe mwingine. Na tukitolewa pale hatuna pengine, kwa sababu nyuma ni waya. Shefe hakuwa mtu wa kukata maneno haraka. Akasema kuna dotora wa udongo katoka Maputo, anazunguka kupima ardhi wanakohamishiwa watu, aulizwe yeye kwanza.

Huyo dotora nilikuwa namjua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria. Msichana tu, pengine kanizidi umri kidogo, viatu vikubwa, anasema "então", yaani basi, kila akimaliza sentensi. Akaja bondeni, akakata shina la nyanya iliyolala, akalining'iniza kwenye gilasi ya maji safi. Tukainama wote. Ukatoka uzi mweupe kwenye shina, ukashuka ndani ya maji taratibu kama moshi unaokwenda chini.

"Bakteria," akasema.

"Kawaleta nani?" akauliza jirani. Nikatafsiri.

Dotora akasema kwa macho hajui. Inabidi wasomwe jenoma, yaani urithi wao wote, herufi kwa herufi, hapo ndipo utajua nani mtoto wa nani.

Tulipokuwa tukirudi njiani nilimbana kwa maswali. Alinieleza vizuri kuliko kitabu. Akasema wema na wabaya wote wanaufuata mzizi, wote wanavutwa na harufu yake. Yule mwema anabisha hodi, mzizi unamwitikia, unamjengea chumba, naye analipa pango kwa chakula. Yule mbaya anapenya penye jeraha, labda ulipokwaruzwa na jembe, na ndani ya urithi wake ana jeni za kutengeneza ute kama gundi. Ute unaziba mishipa ya maji. "Mmea unakufa kwa kiu," akasema, "huku miguu iko matopeni." Na kuna wengine, mwema na mbaya, ni ndugu wa karibu kabisa, kinachowatenganisha ni kipande kidogo tu cha urithi, na wakati mwingine wanapeana kipande hicho kama watu wanavyoazimana ungo.

Nilitamani asingeniambia hilo la mwisho.

Lakini bondeni nilipita kifua mbele. "Ngojeni majibu!" nikawaambia. "Yakija mtakuja kumwomba radhi shangazi yangu mmepiga magoti, na mimi nitawahesabu!" Niliwapigia kelele mpaka koo likakauka. Nikiogopa ndivyo nilivyo, sauti inapanda.

Dotora alitaka udongo wa msituni ambako jembe halijafika, mashina yaliyonyauka ya kila kipande, na udongo uliobaki kikapuni. Wa kikapuni akanituma mimi na kikopo chake kisafi. Nikafika nyumbani, nikasimama uani. Pale uani kuna udongo. Nikafikiri, nikichota huu nani atajua? Udongo ni udongo. Nilishachutama.

"Unachota wapi?" Shangazi yuko mlangoni, mikono ina unga. "Mwenzio si kasema wa kikapuni?"

"Nilikuwa naangalia tu."

"Unaangalia kwa kijiko?" Akanipokonya kikopo, akaingia ndani, akajaza mwenyewe mpaka juu, akakifunga, akanirudishia. "Peleka."

Vikopo vikaenda Maputo, na kutoka Maputo vikaenda nje huko zilipo mashine. Tukangoja. Nilikuwa nikiona gari la dotora barabarani, nasimama, linapita. Nampigia, anasema bado. Nampigia tena, anasema calma. Mtu akikwambia tulia ndipo unapochanganyikiwa.

Na wanawake wakaanza. Kisimani shangazi akitua ndoo, wenzake wanakumbuka wameacha kitu motoni. Kwenye harusi hakupewa mwiko, alikalishwa na wageni, na hilo kwa mwanamke wa kwetu ni tusi kubwa kuliko kutukanwa. Ukaja Ramadhani. Siku zote sisi na jirani wa mfereji tunapelekeana futari. Shangazi akapika muhogo wa nazi, akafunika sahani, akamtuma mtoto wa nyumba ya pili. Kwetu sahani hairudi tupu, hata kama ni tende moja utaweka. Ile ilirudi tupu, imeoshwa, imefutwa maji.

Nikasimama. Shangazi akasimama mlangoni kabla yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kumuuliza kama ameshiba."

"Kaa chini ule."

"Shangazi, huyu mwanamke…"

"Nyanya zake zimekufa. Kaa chini."

Nilikaa.

Dotora alirudi baada ya Idi. Shefe akaita watu kwake, mikeka ikatandikwa barazani, wanawake wa bonde wote wakaja, hata waliokuwa hawaji kwenye mikutano. Nilijaribu kumvuta dotora pembeni aniambie kwanza. Akasema ni vizuri wote wasikie pamoja. Kwa hiyo nilisimama kando yake bila kujua ninachokwenda kukisema. Shefe ana Kireno cha salamu na cha amri, cha bakteria hana. Masikio ya watu wote pale yalikuwa mdomo wangu.

Dotora akaanza. Udongo wa msituni haukukutwa na bakteria wa mnyauko. Nikatafsiri. Watu wakanong'ona, kama msituni hamna, basi kuna aliyewaleta.

Akaendelea. Katika udongo wa kikapu wamesoma jenoma za bakteria wa vinundu, wale wema, aina kwa aina, wameizoea karanga ya hapa kwa vizazi vingi. Hilo nililitafsiri kwa nguvu zote, nikalitia na nakshi zangu. "Wema! Mnasikia? Wale waliowalisha msimu wa kwanza! Wema aina kwa aina!"

Dotora akanitazama, akashangaa sentensi yake imekuwa ndefu. Akaendelea. Ndani ya kikapu hichohicho yumo pia yule wa mnyauko. Wachache, lakini wamo. Na waliotoka kwenye mashina ya kila shamba, ukiwalinganisha na wa kikapu, herufi zinafanana karibu zote. Hawa ni watoto wa wale. Então.

Akanigeukia, akingoja.

Niliona miguu ya wanawake kwenye mkeka, hina imefifia kwenye kucha. Ningeweza kusema wametoka kwenye miche ya nyanya. Sentensi fupi kabisa. Dotora asingejua, alikuwa ananitabasamia. Shefe asingejua. Shangazi angerudishiwa mwiko wake.

"Kasema nini?" akauliza jirani. "Mbona umekatika? Leo umeishiwa betri?"

"Anasema… wale bakteria waliokuwa kwenye mashina…"

"Enhe?"

"Wametoka…"

Shangazi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu. Nadhani alishaniona usoni. Kanilea, anajua sura yangu ya uongo tangu nikiiba sukari.

"Sema kama alivyosema," akasema.

"Shangazi…"

"Hawa watapanda tena, mwanangu. Sema."

Nikasema. Nikasema wametoka kwenye kikapu chetu. Dotora hakusema chetu, alisema kikapu. Hilo nililiongeza mimi, na silitoi.

Kelele zilizotoka hapo sizielezi. Waliosimama, waliopiga makofi, aliyesema nilijua, aliyesema si nilisema. Jirani alikuwa amenyoosha kidole, furaha na hasira zimemkaba pamoja. Dotora kanishika mkono, ananiuliza kuna nini, nimekosea kitu? Maskini, alidhani kaleta habari ya elimu. Nami nikamgeukia kwa ukali kama yeye ndiye aliyewatia kikapuni: kwa nini basi kule baharini hawakuua hata mche mmoja? Bibi na bibi wa bibi walikula karanga zile!

Akanijibu, na mimi nikapiga kelele juu ya kelele ili wasikie. Kule ni mchanga, maji hayakai. Kule shangazi alikuwa akipanda karanga, msimu mwingine mtama, msimu mwingine anaacha majani yaote. Bakteria wa mnyauko alikuwepo, mchache, ana njaa, hana pa kwenda. Huku amepata maji yanayomtembeza shamba hadi shamba, na amepata nyanya, na nyanya kwake ni karamu.

Jirani akashusha kidole. "Ina maana nyanya zangu ndizo zilizomnenepesha?"

"Ndiyo."

"Zangu mimi?"

"Zenu wote. Na zetu."

Mmoja nyuma kabisa akasema, "Kumbe shoga ulikuwa unafuga!" na kicheko kikaponyoka. Hakikuwa kizuri, lakini kilikuwa kicheko.

Dotora akaeleza la kufanya. Kila kitu king'olewe kichomwe. Karanga, nyanya, biringanya, pilipili, visipandwe misimu mingi. Mahindi na mtama ruhusa. Jembe likitoka shamba moja lioshwe kwa javel, dawa ya kufulia, kabla ya kuingia jingine. Na udongo uliobaki kikapuni uchemshwe.

Shefe akakohoa. "Na bibi huyu? Mlisema atoke. Bado mnasema?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe jirani akasema, kwa sauti yake ileile ya adhana:

"Akitoka, kipande chake atang'oa nani? Mie sing'oi vya mtu. Abaki ang'oe."

Wengine wakaitikia, abaki ang'oe, abaki ang'oe, na shefe akasema basi. Huruma sikuiona pale. Lakini shangazi alibaki, na alfajiri ya kesho yake alikuwa bondeni kabla ya mtu yeyote, anang'oa.

Tulichemsha udongo kwenye sufuria ya harusi tuliyoazima, na hatukusema tumeazima ya nini. Ulikuwa udongo wa mwisho. Pale ulipotoka sasa hapakuwa na waya tena, palikuwa na ukuta. Nilishika upande mmoja wa sufuria. Maji yakaanza kutoa mapovu ya kahawia.

"Na wale wema?" shangazi akauliza. "Nao wanakufa?"

"Nao."

Akaendelea kukoroga kwa mti. Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia dotora, nikamfokea, ulisema wana vizazi, ulisema wameizoea karanga ya hapa, sasa tunawapika kama kunde! Akaningoja nimalize. Akasema wale wema waliwatenga na wabaya kabla ya kuwasoma jenoma, na baadhi yao wanaishi, amewahifadhi kwenye friji ya laboratorio yao Maputo. Siku bonde likipona, akipata gari na kibali, atawaleta.

Nikakimbia kumwambia shangazi. Akaacha kukoroga.

"Friji? Wao wamezoea joto."

"Ndivyo wanavyowekwa, shangazi. Wamelala."

"Haya."

Bonde sasa ni mtama mtupu. Jirani anamsalimia shangazi, mimi bado ananiruka, na mimi namruka. Dotora alihamishwa mkoa mwingine, simu yake mara inaita mara haiiti, na kibali sijui kimefika kwa nani. Mchana napita shambani, nikiona jani limeinama nasimama hapo mpaka jioni nihakikishe limeamka. Na umeme ukikatika Palma, watu wanalalamikia samaki wao na barafu zao. Shangazi anatoka mlangoni, ananitafuta kwa macho.

"Hebu piga simu," ananiambia. "Uliza, na Maputo umekatika?"